Pilau au biriani siku ya Idi: ulinganisho kwa nyumba yenye watoto wadogo

Ukiuliza pilau na biriani ipi tamu zaidi hupati jibu, unapata ugomvi. Lakini nyumba yenye mtoto anayetambaa, kaka yake wa miaka mitatu anayechungulia kila sufuria, na dada wa miaka sita aliyeamka kabla ya adhana kuulizia nguo zake mpya, haina nafasi ya ugomvi huo. Yenyewe inauliza moto utawashwa saa ngapi, utawaka kwa muda gani, na muda huo mtoto atakuwa mikononi mwa nani.

Kwa kipimo hicho vyakula hivi viwili vinaachana mbali. Pilau kazi yake kubwa iko leo: vitunguu vikishaingia kwenye mafuta, huondoki jikoni mpaka sufuria ifunikwe. Biriani ina kazi karibu mara mbili, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa jana usiku watoto wakiwa wamelala. Kwa hiyo ile kauli ya mitaani kwamba mwenye watoto wadogo apike pilau, biriani awaachie wenye nafasi, ni kweli nusu tu. Inategemea kama una friji, una mafiga mangapi (yaani sehemu za moto za kuweka sufuria), na jambo ambalo wengi hulisahau: ni Idi ipi.

Vipimo vya hapa ni vya watu wazima sita, watoto wanne, na sahani mbili tatu za kupelekea majirani.

Idi ndogo na Idi kubwa si kitu kimoja jikoni

Idi el-Fitri haina uhakika mpaka mwezi uandame. Jioni ya tarehe 29 Ramadhani watu wanasubiri tangazo, la BAKWATA kwa Tanzania Bara, la Mufti kwa Zanzibar, la Kadhi Mkuu kwa Kenya, na mara nyingine tangazo linakuja usiku umeshaingia. Mpishi wa pilau hilo halimsumbui; anasubiri na wenzake. Mpishi wa biriani ndiye aliye njia panda. Akiroweka nyama mapema kisha mwezi usionekane, nyama itakaa siku nzima zaidi ya alivyopanga. Iliyorowekwa kwenye mtindi na kukaa ndani ya friji itavumilia. Iliyopakwa papai bichi haivumilii, kwa kuwa papai lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama na hakijui kuacha. Ukiikuta kesho yake, nje imekuwa rojorojo na mdomoni inahisi kama unga.

Njia salama ni kugawa kazi ya jana sehemu mbili. Kabla ya tangazo fanya yale yasiyoharibika: kaanga vitunguu, twanga thomu na tangawizi, kaanga na usage viungo, chagua mchele. Vitunguu vilivyokaangwa vikakauka vizuri vinakaa siku kadhaa kwenye chombo chenye mfuniko, hivyo Ramadhani ikikamilisha 30 hujapoteza kitu. Mwezi ukitangazwa ndipo utie nyama kwenye mtindi, au uendelee moja kwa moja kupika mchuzi.

Idi el-Hajj ni tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, na mwezi wake ukishaandama unajua siku tisa kabla. Upangaji ni mwepesi, ila mtego uko kwenye nyama. Swala yake husaliwa mapema kuliko ya Fitri ili watu wapate muda wa kuchinja, lakini hata hivyo mpaka mnyama achinjwe, achunwe na kugawanywa, nyama inafika jikoni saa nne au saa tano. Na nyama ya asubuhi hiyo ni ngumu. Misuli hukakamaa saa chache baada ya kuchinja, na huchukua siku moja au zaidi kulegea tena. Ndiyo maana mbuzi wa Idi huchemka saa mbili na bado anavutana na meno, na ndiyo maana maini huliwa kwanza: yenyewe hayahitaji kusubiri. Ukitegemea nyama hiyo kwa biriani ya saa saba mchana, utakula alasiri na watoto watakuwa wameshalala na njaa. Kwa Idi kubwa nunua kuku au kilo mbili za ng'ombe siku moja kabla kwa ajili ya chakula cha mchana, na nyama ya kuchinja iende friji isubiri siku ya pili. Anayetaka lazima aipike siku hiyo hiyo, pilau kwa sufuria ya presha (dakika 35 hadi 40 tangu ianze kupiga mluzi) ndiyo njia pekee yenye akili.

Vitu, vyombo na muda

| | Pilau | Biriani |
|---|---|---|
| Mchele | kilo 1.5 | kilo 1.5 |
| Nyama yenye mifupa | kilo 1.5 | kilo 2 |
| Vitunguu maji | nusu kilo na kidogo | kilo 1.5 |
| Nyanya | hakuna (au mbili, ukiwa wa kambi hiyo) | kilo 1, na nyanya ya kopo vijiko vikubwa 3 |
| Viazi mviringo | kilo 1 | kilo 1 |
| Mtindi | hakuna | nusu lita |
| Thomu na tangawizi | vichwa 2, kipande cha kidole | vichwa 3, vipande viwili |
| Mafuta | mililita 200 | nusu lita ya kukaangia. Sehemu yake inaingia kwenye mchuzi |
| Mafiga | moja linatosha | mawili |
| Kazi ya jana usiku | dakika 30. Saa mbili ukichemsha na nyama | saa mbili na nusu |
| Kusimama jikoni siku yenyewe | dakika 50 hivi | dakika 25 hivi |
| Vyombo vya kuosha | sufuria mbili | karai, sufuria tatu, chujio |

Mstari wa vitunguu ndio unaopandisha gharama. Vitunguu na nyanya hupanda bei siku mbili tatu kabla ya sikukuu, na biriani inavila vyote viwili kwa wingi. Kilo moja na nusu inaonekana nyingi mpaka uikaange: inabaki bakuli moja. Mwenye kupanga mapema anunue vitunguu wiki moja kabla. Vikikaa pakavu penye hewa haviharibiki.

Mchele nao una neno lake. Kwa pilau, mchele wa Kyela au wa Kilombero una harufu ambayo basmati hainayo, lakini uliza kama ni wa zamani au mpya. Mpya bado una unyevu ndani, ukiupimia maji ya kawaida unashikana. Kwa biriani basmati inasamehe zaidi, kwa sababu unachemshwa kwenye maji mengi kisha unachujwa, hivyo kipimo cha maji hakipo kabisa. Anayeogopa kipimo cha maji, hiyo peke yake ni sababu ya kuchagua biriani.

Pilau: dakika hamsini usizoweza kuzikatisha

Punguza siku kwa kuchemsha nyama jana: chumvi kidogo, tangawizi, nusu ya thomu, maji ya kuifunika. Ng'ombe saa moja na nusu hadi mbili, mbuzi kama saa moja na robo, kuku wa kisasa hahitaji hata kuchemshwa mapema. Nyama na supu yake vipoe, viingie friji.

Siku yenyewe: mafuta yapate moto, vitunguu vilivyokatwa vyembamba viingie, na hapo ndipo rangi ya pilau inapopatikana au kupotea. Inachukua dakika 15 hadi 20 ya kukoroga. Rangi ya mwisho unayoitaka ni ya kahawia iliyokolea. Ukitoa mapema unapata wali mweupe wenye viungo. Ukizidisha dakika mbili tu unapata uchungu ambao hakuna kitu kinachouondoa, si sukari wala viazi. Mtoto akianguka na kulia, mara nyingi ni katika dakika hizo mbili. Afadhali zima moto kabisa, nenda kamtazame, rudi uwashe. Vitunguu vitapoteza ukakamavu kidogo tu, lakini havitaungua.

Vikishakolea tia thomu, tangawizi na viungo: bizari nyembamba vijiko vikubwa vitatu, iliki punje 15, mdalasini vijiti vitatu, karafuu kumi, pilipili manga kijiko kidogo. Dakika mbili, si zaidi. Vikianza kushika chini nyunyiza supu. Nyama na viazi vigeuke humo dakika kumi. Kisha supu, iliyoongezwa maji kufikia kipimo: kwa mchele wetu uliooshwa, kikombe kimoja kwa kikombe kimoja na robo tatu, kwa basmati iliyolowekwa nusu saa, kimoja kwa kimoja na nusu. Onja supu kabla mchele haujaingia. Chumvi inapaswa kuzidi kidogo ile unayoipenda kwenye supu ya kunywa, kwa kuwa mchele utainyonya.

Mchele ukiingia, koroga mara moja, funika, na mwiko uuweke mbali. Maji yakishazama chini ya mchele ndipo unapalia: makaa machache chini, makaa mengi zaidi juu ya mfuniko, dakika 20 hadi 25. Kwa gesi weka chuma cha chapati chini ya sufuria, moto uwe wa mwisho kabisa kwa udogo, na mfuniko uzibwe kwa karatasi ya foili.

Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza ni kufunua funua. Kila ukifunua mvuke unaondoka na mchele wa juu unabaki na kiini. Ukikuta umebaki na kiini, nyunyiza nusu kikombe cha maji yaliyochemka, funika tena dakika kumi, usikoroge. La pili ni viazi kuvurugika, na dawa yake ni kuviweka vizima au kuvikaanga kwanza. La tatu ni kuunguza chini. Harufu ikikupiga, usiguse ukoko: hamisha wali wa juu kwenye sufuria nyingine papo hapo. Ukikoroga, umeueneza moshi kwenye sufuria nzima na wageni watanusa tangu mlangoni.

Biriani: usiku mmoja mrefu, mchana mwepesi

Watoto wakishalala, karai linapanda. Vitunguu vikatwe vyembamba na vya unene mmoja, vigawanywe mafungu manne. Fungu moja linachukua kama dakika 12. Ukilijaza karai vyote kwa pamoja vinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na vinatoka vimelegea, vimejaa mafuta. Vitoe vikiwa na rangi ya dhahabu, si kahawia, maana vinaendelea kukolea vikiwa nje. Mafuta hayo hayo ndiyo ya kukaangia viazi, na sehemu yake inakwenda kwenye mchuzi, hayatupwi.

Mchuzi: thomu na tangawizi kwenye mafuta, viungo, nyanya zilizosagwa na ya kopo, zikaange mpaka mafuta yaelee. Nyama iliyorowekwa inafuata, kisha theluthi mbili za vitunguu vilivyovunjwavunjwa kwa mkono. Mtindi ndio wenye hila. Ukiumimina baridi kwenye mchuzi unaotokota unakatika na kufanya vipunje vyeupe. Punguza moto, upige mtindi mpaka uwe laini, tia kijiko kikubwa kimoja kimoja huku ukikoroga. Nyanya zikizidi ukali, sukari kijiko kidogo inatosha.

Papai bichi ni kwa nyama ngumu tu, na kwa kilo mbili vijiko vikubwa viwili vya papai lililokunwa ni vingi vya kutosha. Paka nusu saa hadi saa moja kabla ya kupika, basi. Kuku wa kisasa hahitaji papai hata kidogo.

Mchuzi wa biriani ni mzito. Ukiinamisha sufuria na maji yakakimbia pembeni, bado. Endelea bila mfuniko mpaka mafuta yatoke juu. Mchuzi mwepesi unaharibu wali kutoka chini.

Hapa ndipo wapishi wengi wa usiku wanakosea: sufuria ya lita nne inafunikwa moto moto na kuachwa mezani mpaka asubuhi. Katikati yake inabaki vuguvugu usiku kucha, joto ambalo vijidudu vinalipenda. Gawa mchuzi kwenye vyombo viwili vitatu vipana, viweke kwenye beseni la maji baridi, koroga mara kwa mara, na ndani ya saa mbili viwe kwenye friji. Asiye na friji, na hakuna jirani wa kumwazima nafasi, asijaribu biriani ya jana. Apike pilau.

Asubuhi kazi iliyobaki ni ndogo. Loweka mchele nusu saa. Mchuzi uchemke sawasawa dakika 15 hadi 20 kwenye figa moja; kwenye figa la pili lita tano za maji yenye chumvi, mdalasini na iliki. Basmati ikiingia inakaa dakika tano hadi saba, mpaka punje ukiibonyeza ivunjike lakini kiini kiwe bado kimekaza. Chuja. Kuinua sufuria hiyo ya maji yanayochemka ndiyo sekunde 30 za hatari kuliko zote katika biriani ya mchana, na katika sekunde hizo mlango wa jikoni uwe umefungwa, mtoto upande wa pili. Kisha wali juu ya mchuzi au kwenye sufuria yake peke yake, mafuta kidogo, zafarani iliyolowekwa kwenye maziwa ya moto au rangi ya chakula chembe tu, vitunguu vilivyobaki, ufukizwe dakika 20.

Rangi hiyo, nyanya na viungo havitoki kwenye kanzu nyeupe. Mtoto wa biriani avuliwe nguo ya Idi kabla ya kuketi, picha zikishapigwa. Pilau inaacha mafuta tu, na sabuni ya kipande inayatoa.

Sahani ya mtoto

Kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu biriani inashinda kuliko watu wanavyodhani. Sababu ni kwamba wali wake ni mweupe na mchuzi uko peke yake. Unachota wali usioguswa na kitu, unapasua kipande cha nyama vidogo vidogo, unaongeza kijiko cha mchuzi kadiri anavyoweza. Pilau imeshachanganyika: ukali wa pilipili manga, chumvi ya watu wazima na viungo vizima viko katika kila kijiko, na mtoto akiuma karafuu leo, kesho akiona wali wa kahawia anafunga mdomo.

Ukipika pilau, basi, sahani ya mtoto itoke mapema, wakati wa supu. Chemsha nyama kwa tangawizi na thomu peke yake, toa vikombe viwili vya supu na vipande vichache vya nyama, ndipo utie chumvi. Kwa mtoto wa miezi saba au minane, kiazi kilichopondwa kwa supu hiyo na nyama iliyochambuliwa ni Idi kamili. Hahitaji chumvi, na asali haruhusiwi mpaka atimize mwaka. Wa miaka miwili apikiwe wali mdogo kwa supu hiyo hiyo. Aliye chini ya miezi sita ana chakula chake tayari kwa mama.

Viungo vizima vifungwe kwenye kitambaa safi cheupe na kutolewa kabla ya kupakua. Hii inafaa kwa vyote viwili, japo kwenye pilau inapunguza uzuri wa kukutana na kijiti cha mdalasini kwenye sinia. Mifupa ndiyo hatari zaidi kuliko viungo: mbavu na shingo ya mbuzi huacha vichane vyembamba, shingo ya kuku nayo ina vifupa vidogo. Watoto wapewe kutoka paja. Na kwenye sinia ya wageni angalia korosho, karanga na pipi za duara, vitu ambavyo mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kukabwa navyo. Tende zitolewe kokwa.

Saa nayo ina nguvu kuliko mapishi. Familia ikirudi msikitini saa tatu, watoto wanakuta kaimati, vileja, tambi na soda. Kufikia saa saba wameshiba sukari na hawali si pilau si biriani, kisha saa tisa wanalia njaa. Wapewe kitu cha maana saa nne na nusu, yai na chapati au bokoboko. Bokoboko, kwa kweli, lingestahili kuwa mshindani wa tatu katika ulinganisho huu: ngano na nyama vilivyopikwa usiku kucha mpaka vikalainika, halina mfupa, halina kiungo cha kuuma, na mtoto asiye na meno analimaliza. Wenye asili ya Pwani walioko Oman wanalijua kwa jina la harisi, na huko ni chakula cha Idi bila ubishi. Tatizo lake ni mkono: kulipiga mpaka livutike ni kazi ya mtu mwenye misuli.

Moto na mtoto

Hatari za biriani zimejikusanya usiku: mafuta ya moto mara mbili, ya vitunguu na ya viazi. Hatari za pilau zimejikusanya mchana, na mara nyingi uani, kwa sababu jiko la mkaa liko chini, usawa wa kifua cha mtoto, na wakati wa kupalia kuna makaa juu ya mfuniko vilevile. Mstari wa chaki hauzuii mtoto wa miaka miwili. Benchi mbili zilizogeuzwa, au mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, vinazuia. Mvua ikinyesha usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa; hewa yake inayoua haina harufu.

Mtoto akiungua, maji ya kawaida yanayotiririka juu ya jeraha dakika 20, na nguo ivuliwe isipokuwa imeganda. Dawa ya meno, mafuta, unga na ute wa yai vibaki vilipo. Jeraha la usoni, mkononi, sehemu za siri, au kubwa kuliko kiganja chake, hospitali.

Gesi nayo huisha siku za sikukuu tu, inavyoonekana. Pima mtungi siku mbili kabla: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake, toa kwenye uzito wa mizani, unajua kilichobaki. Biriani ya usiku na ya mchana kwa pamoja inakula gesi kuliko pilau, na mtungi wa kilo 6 uliokuwa nusu si wa kuuamini.

Sasa chagua

Figa moja, hakuna friji, au mpishi peke yake bila mtu wa kushika mtoto usiku: pilau, tena ya kuku, ambayo inaondoa kuchemsha kwa muda mrefu. Mafiga mawili na friji, na watoto wanaolala mapema: biriani, na mchana wa Idi utaupata ukiwa umekaa. Idi el-Fitri ya mwezi wenye utata, andaa vya biriani visivyoharibika na uwe tayari kugeuza: vitunguu vilivyokaangwa ni vizuri pia kwa pilau. Idi kubwa, pilau, isipokuwa nyama ulinunua jana. Wanaopika Krismasi wana nafuu ya tarehe isiyohama. Kwao biriani inapangika kwa urahisi zaidi, ingawa nyumba nyingi za bara ukitaja Krismasi zinasikia pilau na hazitaki kusikia kingine.

Mzee wa nyumba akitaka pilau na vijana biriani, usipike zote mbili. Zitaharibika zote.

Kiporo

Alasiri watoto wanavaa tena, wanakusanya mkono wa Idi na kutoka. Unguja wengi wanaelekea viwanja vya Mnazi Mmoja. Kabla mlango haujafungwa, wali uwe umeshatolewa mezani. Wali uliopikwa una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Ukikaa kwenye joto la mchana vinazaliana na kutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Saa moja kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa inatosha, usisubiri jioni. Tandaza kwenye sinia upoe haraka, kisha friji.

Kwa kiporo pilau ni bora: nyunyiza maji vijiko vichache, funika, moto mdogo, na siku ya pili viungo vimekolea zaidi. Biriani ihifadhiwe wali mbali na mchuzi mbali. Mchuzi uchemke kabisa, wali upashwe kwa mvuke. Mtoto wa chini ya miaka miwili umpikie wali mpya wa kikombe kimoja, unaiva kwa dakika 20, na mchuzi au supu ya jana umwekee juu ikiwa imechemka.